Mkwe Aliyekanwa na Mtaa Mzima

Mapenzi ya Wirot na Liezel yalichukua miezi minne kukomaa. Karatasi zao zilichukua kumi na moja.

Liezel Catubay alikuwa Mfilipino, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi pale mjini, na Wirot alikuwa fundi wa zile mashine kubwa za kuvunia mpunga. Kupendana hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Kuoana ndiko kulikotaka ubalozi wa kwao, kule Bangkok, uandike kwamba bibi huyu hana mume mahali pengine, mtafsiri aligeuze neno la ubalozi liwe la Kithai, wizara igonge mhuri juu ya kazi ya mtafsiri, na ofisi ya wilaya ikague mhuri wa wizara. Mara ya kwanza mtafsiri alimwandika baba yake Liezel kuwa ndiye bwana harusi. Mara ya pili kila kitu kilikuwa sawa, ila cheti kilipitwa na tarehe wakati kikisubiri mhuri. Wirot alipanda basi la Bangkok mara tano, na kila akirudi yeye alikuwa amekonda kidogo na bahasha imenenepa.

Mama yake, Mama Kamlai, aliyatazama hayo yote kutoka barazani kwake, hakusaidia wala hakuzuia. Alikuwa mjane. Alimlea mwanawe wa pekee kwa kushona mito ya pembe tatu, ile ya kuegemea, na nyumba namba arobaini na saba ilikuwa imejaa pamba na vitambaa tangu Wirot akiwa anatambaa. Siku ya harusi alimfunga bibi harusi uzi mweupe mkononi kama desturi inavyotaka, akamwombea umri na watoto, akasema kila neno linalopaswa kusemwa. Asubuhi yake akaingia jikoni akakuta chupa ya siki imesimama kando ya chungu chake cha samaki wa kuvundika, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

Si kwamba alikuwa mbaya. Watu wanapenda kumfanya mama mkwe kuwa mchawi, maana ni rahisi. Huyu alikuwa tu mtu aliyezoea kusikia nyayo mbili ndani ya nyumba, zake na za mwanawe, na sasa zimekuwa tatu.

Na ndoa ilipokwisha kuandikwa, karatasi hazikwisha. Ilibaki ile ya kumruhusu mke akae nchini kwa sababu ya mume. Faili lake lilitaka picha za wanandoa sebuleni, chumbani na mbele ya namba ya nyumba. Lilitaka ramani ya kuchorwa kwa mkono, kutoka barabara kuu mpaka mlangoni. Wirot alichora akaweka mpaka jiko la kuku wa kuchoma la jirani yao Chuan. Katika picha moja Mama Kamlai amekaa katikati yao, uso kama wa mtu anayesubiri sindano. Baada ya hapo, walielezwa, afisa wa uhamiaji atakuja mwenyewe nyumbani siku asiyoitaja, aone kama kweli watu hawa wanaishi pamoja, kwa sababu wapo wanaooana na mhuri tu.

"Mama, atakuja mtu," Liezel alimwambia, si mara moja, mara tatu, kwa Kithai chake cha kukanyagakanyaga. "Mwambie tu ninaishi hapa. Basi."

Mama Kamlai aliitikia kwa kichwa, mikono ikiendelea kusindilia pamba.

Afisa alikuja Jumanne asubuhi, mwezi wa mavuno. Wirot alikuwa na mashine yake mikoa mitatu mbali. Liezel alikuwa darasani.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na tabia yake. Mwisho wa njia palikuwa na kiwanda cha barafu, na kwa miaka zaidi ya ishirini barafu ile ilibebwa na vijana wa Kilao na wa Kiburma, wengine wenye karatasi nusu, wengine hawana hata robo. Walikula pale, walikopa sigara pale, waliwafundisha watoto wa pale kupiga mpira. Kwa hiyo askari yeyote akija kuuliza habari za mgeni, mtaa mzima ulikuwa na jibu moja: hatujui, hatujaona, jaribu mtaa wa pili. Watoto walilijua jibu hilo kabla ya kujua kuhesabu. Na Liezel walimpenda. Kila Jumamosi alikusanya watoto wa mtaa barazani akawafundisha Kiingereza bure, na hakuna aliyemwita kwa jina. Kila mtu alimwita Mwalimu.

Afisa alianzia kwa Chuan, maana ramani ilimwambia hivyo.

"Shikamoo mama. Namtafuta mwanamke wa Kifilipino anayeishi mtaa huu."

"Marahaba. Wa wapi?" Chuan aligeuza kuku upande wa pili.

"Mfilipino. Mwalimu. Mke wa Wirot."

"Wirot tunaye. Mke hana. Tunamtania kila siku kwamba atazeeka na mashine yake." Akaliangalia faili lake la bluu, akauangalia mkanda wake wa kiaskari. "Utachukua paja au kidari?"

Afisa alichukua paja, akashukuru, akaendelea. Chuan, kwa kidole chenye mafuta, akaandika kwenye kundi la mtaa la simu: Polisi wa wageni yumo mtaani. Anamtafuta Mwalimu. Hatuna Mwalimu. Akamalizia kwa katuni ya sungura aliyeziba mdomo.

Muuza dawa hakumjua. Kinyozi hakumjua, na ukutani nyuma yake ilining'inia bei ya kunyoa kwa Kiingereza, imeandikwa kwa mwandiko wa Liezel. Mzee mmoja asiyesikia vizuri alisema hajawahi kumwona Mfilipino yeyote, na alisema hivyo kabla hajaulizwa. Kufikia namba arobaini na saba, afisa alikuwa ameuliza watu kumi na mmoja.

Mama Kamlai alikuwa amekaa barazani, sindano mkononi. Ujumbe wa Chuan alikuwa ameusoma.

"Mama, hapa ni kwa Wirot?"

"Ni kwangu. Wirot ni mwanangu."

"Anaishi na mke wake hapa? Mgeni?"

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mdomo wa Mama Kamlai ulifunguka na lile jibu la mtaa, lile la miaka ishirini. "Hakuna mgeni hapa, afande. Tunaishi mimi na mwanangu." Lakini katikati ya sentensi, neno moja limetoka na jingine bado liko kooni, alikumbuka. Atakuja mtu. Mwambie tu ninaishi hapa. Alikumbuka vizuri kabisa, na sauti ya Liezel pia aliikumbuka. Angeweza kulimeza lile lililobaki. Hakulimeza. Lilitoka lote.

Mlangoni palikuwa na raba nyeupe za Liezel, ndogo, kamba zimefungwa vizuri. Mama Kamlai alinyoosha mguu, kana kwamba ananyoosha goti lake linalouma, akazisukuma nyuma ya mtungi wa maji.

Afisa aliandika mistari miwili, akainama kwa heshima, akaenda zake.

Jioni Liezel aliporudi alikuta baraza limejaa. Chuan kaleta kuku mzima. Kinyozi kaleta bia.

"Mwalimu, leo umeponea chupuchupu," alisema Chuan. "Kaa chini ule."

"Nimeponea nini, mama mdogo?"

Wakamsimulia, kila mmoja akimkatiza mwenzake: jinsi muuza dawa alivyokunja uso, jinsi mzee kiziwi alivyoapa bila kuulizwa. Liezel alicheka nao mwanzoni. Halafu akaacha.

"Alikuwa na faili la bluu?"

"La bluu. Nene hivi."

"Na ramani?"

"Alikuwa nayo, nzuri sana, mpaka jiko langu limo," alisema Chuan, na ndipo sauti yake ilipoanza kupungua.

Liezel alikaa sakafuni, mkoba wa shule bado begani. "Huyo ndiye niliyekuwa namsubiri," alisema. "Namsubiri miezi miwili. Alikuja kuniandikia nikae."

Kinyozi aliificha bia nyuma ya mguu wake kama mtoto aliyefumwa.

"Sasa askari gani anakuja kwa wema?" Chuan alisema mwishowe, karibu kulia. "Si angesema."

Liezel akamgeukia Mama Kamlai. "Na wewe, Mama?"

"Nilijibu kama wao."

"Nilikwambia atakuja. Ulisahau?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. "Nilisahau," alisema Mama Kamlai.

Liezel akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na tabia hiyo ya kukubali jambo upesi, bila kubishana, tabia ambayo siku zote ilimuudhi mama mkwe wake. Siku hiyo haikumuudhi. Ilimchoma.

Kesho yake Liezel aliomba ruhusa shuleni akaenda ofisi ya uhamiaji. Alirudi saa sita, akaeleza taratibu, akichagua maneno. Afisa ameandika kwamba hapa pana ndoa ya karatasi. Ripoti bado iko mezani kwake, haijapanda kwa mkubwa. Itapanda Ijumaa. Ikipanda hivyo ilivyo, Liezel atapewa siku saba za kuondoka nchini. Mume hasaidii kitu, maana mume yeyote atasema mke yupo. Afisa anamtaka mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake limo kwenye kitabu cha nyumba kama mwenye nyumba.

"Yaani mimi," alisema Mama Kamlai.

"Wewe, Mama. Lakini usipotaka, sitakulazimisha."

Wirot alipiga simu kutoka shambani, mashine ikinguruma nyuma yake. Hakugomba, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kugombezwa.

"Mama, mimi niko njiani, nitafika Ijumaa jioni. Nitakuwa nimechelewa. Sasa nikwambie kitu kimoja. Akiondoka, naondoka naye. Kwao pia wanavuna mpunga."

"Umenikasirikia?"

"Sijui bado," alisema Wirot. "Mimi najua wewe huwa unasahau miwani na dawa. Watu nao unawasahau?"

Mama Kamlai alikata simu akakaa na mito yake mpaka chai ikapoa. Akajaribu kuiona nyumba ikiwa tupu. Jambo la ajabu ni kwamba hakuweza kuiona tupu ya zamani, ile aliyoililia moyoni miezi yote hii, yenye nyayo mbili. Kila alipoitoa sauti ya Liezel, ya Wirot nayo ilitoka. Na hata alipomrudisha Wirot peke yake kwa mawazo, alimkuta amekaa mezani hasemi.

Ijumaa asubuhi alivaa sketi yake ya hariri, ile ya kwenda nayo hekaluni. "Nipeleke," alimwambia Liezel.

Afisa aliitwa Luteni Decha. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa kwa adabu kwa miaka mingi. Alimwomba Liezel asubiri nje, kwenye benchi la korido, akausukuma mlango. Mlango ule haukuwa na kitasa, ukarudi nusu, ukabaki hivyo.

Aliweka picha mezani. "Mama, sura hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na huyu?"

"Mke wa mwanangu."

"Jumanne mwanao hakuwa na mke."

Mama Kamlai aliinamia picha.

"Watu huazima nyumba, Mama," alisema Luteni Decha. "Huazima hata wazazi. Niliwahi kumkuta mama mmoja kwenye mafaili matatu, kila faili na mkwe wake. Sasa nikuamini yupi, wewe wa Jumanne au wewe wa leo?"

"Wa leo."

"Kwa nini? Wa leo kaja na huyo binti anayetaka kibali. Wa Jumanne alikuwa peke yake." Akafungua kalamu. "Niambie kitu kumhusu ambacho hakimo humu ndani."

Mama Kamlai alikuwa amejiandaa. "Ni mtoto mzuri. Ana heshima. Anampenda mwanangu. Anawahi kuamka." Alitazama kalamu. Ilikuwa imelala pale pale. "Ana moyo safi," aliongeza.

"Hayo kila mtu huyasema. Anapika?"

"Anapika?" Mama Kamlai akajikuta amekaa wima. "Afande, usiniulize habari za mapishi yake."

"Ndiyo nakuuliza."

"Saa kumi na mbili asubuhi anakaanga samaki mkavu. Moshi wote unaingia kwenye mito yangu, wateja wananiuliza kwa nini mto unanuka bandari. Kila kitu siki. Kuku siki, mboga siki. Supu yangu mwenyewe, niliyoipika tangu alfajiri, nilimkuta anaitia siki kwenye bakuli lake, kanipa mgongo, anadhani sioni."

Kalamu ikagusa karatasi. Mama Kamlai aliiona.

"Mchele anauosha mara tatu. Mbili zinatosha. Wali wa kunata haumkubali, unamganda mpaka kiwikoni, anaishia kuchukua kijiko mbele za watu. Friji langu kalijaza vikopo, kila kikopo kina karatasi ya jina, kama duka la dawa. Juu ya friji kaweka sanamu ya Mtoto Yesu, ana koti jekundu. Nilichukua kamba nikapima kama iko chini ya rafu ya Buddha."

"Ikawaje?"

"Iko chini, kwa vidole vinne." Akasita. "Alama ya penseli ilikuwepo ukutani. Alipima kabla yangu."

Luteni aliandika upesi. Mama Kamlai akazidi kushika kasi, maana sasa alikuwa ameelewa kazi yenyewe. Sifa zake alizozikariri njia nzima hazikuwa na kazi, na hili gunia alilokuwa amelijaza kimoyomoyo kwa miezi mingi ndilo lililokuwa linatakiwa.

"Nguo zake za ndani alizianika mbele, wanaume wapite chini yake. Nikamwambia. Sasa anaanika nyuma, sawa, lakini anazoa na zangu, anafua zote pamoja, utadhani mimi sina mikono. Shati la Wirot analikunja kwa upana, mimi miaka thelathini nimelikunja kwa urefu. Anamlisha mbwa wa Chuan, mbwa amehamia kwetu. Anaimba bafuni. Wimbo wenyewe hamalizi, ni mwanzo tu, mwanzo tu, mpaka nami najikuta nao kichwani nikishona. Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili haogi?"

"Haimbi. Jumapili anaongea na mama yake kwenye simu, akimaliza anaingia bafuni anafungulia maji. Ndoo inajaa, inamwagika, yeye bado yumo. Anadhani maji yanaficha."

Kalamu ilisimama. "Na wewe huwa unafanya nini?"

"Mimi nalipa bili ya maji," alisema Mama Kamlai, na aliposikia alivyolisema, uso ukamwaka moto.

Luteni Decha aliilaza kalamu mezani. Akangoja.

"Msimu wa mvua goti langu lilivimba," alisema Mama Kamlai, sasa taratibu. "Nilikuwa siwezi kuinuka. Alikuwa ananikanda kabla ya kwenda shule, kila siku, karibu wiki mbili, wala sikumwomba. Nilimwambia mikono yake ni ya baridi. Hilo tu ndilo nililomwambia. Kesho yake akawa anaipasha kwenye birika kwanza."

"Mama," alisema Luteni, na sauti yake haikuwa tena ya kiofisi, "unamjua hivi, na bado ulinitazama usoni ukaniambia hayupo. Majirani nimewaelewa. Ule mtaa naujua, wale hawangenionyesha hata mama zao. Wewe ulijua nakuja. Binti anasema ulisahau."

Hapo ndipo ungekuwa mwisho wake, kama angetaka. Neno lilikuwa limeshawekwa mezani na mtu mwingine, yeye alikuwa wa kuitikia tu. Alitazama mlango. Kwenye ule uwazi aliona bega la Liezel na mkono umeshika mkoba.

"Sikusahau," alisema. "Nilikumbuka wakati nasema. Uliponiuliza, nikaisikia nyumba yangu ilivyokuwa, mimi na mwanangu na chungu changu. Nikaitaka. Kwa muda wa neno moja tu, lakini niliitaka kweli."

"Na baada ya hilo neno?"

"Baada ya hilo neno nikasukuma viatu vyake."

"Niliona," alisema Luteni Decha.

Mama Kamlai alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, na hakuyafuta. "Andika na hilo. Mpe yeye kibali, mimi nifanye unachotaka."

"Hilo sina pa kuliandika, Mama. Fomu haina nafasi yake." Akachomoa karatasi nyingine. "Hii ndiyo ya shahidi. Jina, namba ya nyumba, na hapa, kwa mkono wako, unaandika kwa nini unaamini hii ni ndoa ya kweli."

Mama Kamlai aliacha shule darasa la nne. Aliandika polepole, akibonyeza sana. Alipomaliza Luteni aliigeuza karatasi akasoma: Anaishi kwangu. Ananiudhi kila siku. Naomba akae.

Aliisoma mara mbili, akaigonga mhuri. Akaitoa ile ripoti ya kwanza kwenye faili, akaichana vipande vinne. "Nitakuja tena Jumatano, maana lazima niandike nilimkuta," alisema. "Waambie majirani zako kwamba safari hii wanaruhusiwa kumwona. Kibali kitatoka, Mama. Nenda nyumbani."

Nje jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Walitembea mpaka kwenye pikipiki ya Liezel. Liezel alitia ufunguo, akautoa.

"Umesikia?" aliuliza Mama Kamlai.

"Nimesikia."

"Yote?"

"Mlango ule haufungi, Mama."

"Kithai chako si kidogo?"

"Ni kidogo. Lakini maneno ya kulalamikiwa ndiyo niliyotangulia kujifunza," alisema Liezel. Hakutabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mama Kamlai alisimama mbele yake, pale kwenye vumbi la maegesho, watu wakipita na mabahasha yao. Kwa desturi yao mdogo ndiye huunganisha viganja kwanza, akainamisha kichwa, mkubwa hupokea. Mkubwa akitangulia kumfanyia mdogo hivyo, wanasema anamkata mdogo miaka ya kuishi. Mama Kamlai aliyajua hayo tangu utoto. Lakini hakuwa na namna nyingine ya kusema kitu kikubwa kiasi kile, na mikono yake ikaanza kupanda, kiganja kikitafuta kiganja.

Liezel aliidaka kabla haijakutana. Aliishika yote miwili, kwa nguvu.

"Mama, kibali chenyewe sijakipokea, tayari unataka nife mapema?"

"Nani alikufundisha hilo?"

"Wewe. Siku uliyonigombeza kwa kumsalimia mzee wa hekaluni vibaya."

Mama Kamlai alijaribu kuitoa mikono. Liezel hakuiachia.

"Nilitaka uondoke," alisema Mama Kamlai. "Usijifanye hukusikia hilo."

"Nimelisikia. Limeniuma. Litaniuma na kesho." Liezel akavuta pumzi. "Mimi pia kuna siku nilitamani wewe usiwepo. Niamke nyumba iwe yangu na Wirot tu."

Mama Kamlai alimtazama. "Siku ngapi?"

"Nyingi kuliko zako, Mama."

Mama Kamlai alitaka kukasirika, maana ni matusi hayo, kuambiwa na mke wa mwanao mchana kweupe mbele ya ofisi ya serikali. Akaitafuta hasira asiione. Kilichokuja badala yake kilikuwa kicheko, kibaya, cha pua iliyoziba, na Liezel naye akashindwa kujizuia, wakacheka huku wanalia mpaka mlinzi wa getini akageuka kuwaangalia.

"Basi washa," alisema Mama Kamlai, akijifuta kwa pindo la blauzi. "Mumeo anaingia jioni, na hakuna kilichopikwa."

Liezel akawasha. Siku zote Mama Kamlai alipopanda pikipiki ile alishika chuma cha nyuma ya kiti, hata kwenye mashimo. Safari hii alimpitishia mkwewe mikono kiunoni, akamshika, na hakumwachia mpaka walipofika nyumbani.